Usimwache Alale Peke Yake

Kijana wa miaka ishirini na minne akifa usiku, hana homa, hakugongwa na gari, hakugombana na mtu, mtaa mzima huanza kutafuta cha kusema. Chini ya turubai wazee husema ni presha, siku hizi haichagui umri. Huko uani, kwenye masufuria ya wali, akina mama hunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Marafiki zake hukaa pembeni wakiinamia simu zao, kimya, kwa sababu wao ndio wanaojua. Akishazikwa, mambo huishia hapo.

Ndugu msomaji, naomba leo tuzungumze wazi kuhusu vifo hivi. Vingi havikutokea kwa mara moja. Vilichukua saa nzima, wakati mwingine saa tatu, mbele ya watu waliompenda marehemu, na hakuna aliyejua anachokitazama.

Ninayemfikiria ninapoandika haya alikuwa jirani yetu hapa Dar es Salaam. Jina lake nitaliacha kwa heshima ya mama yake. Alikuwa dereva wa bodaboda, mwepesi wa salamu, ambaye akimbeba mama mtu mzima alipunguza mwendo bila kuambiwa. Aliwahi kuingia kwenye unga, yaani heroini. Mtaa ulijua. Uliona alivyokonda, uliona arosto, yale maumivu ya kuukosa unga, ilivyomkunja asubuhi barazani, ukasikia vyombo vya ndani vikipotea kimoja kimoja. Ndugu wakamchangia mama yake, kijana akapelekwa kwenye nyumba ya upataji nafuu, ile tunayoiita soba. Alikaa huko miezi. Akarudi mashavu yamejaa, anaswali, anapanga foleni kijiweni kama wenzake, na sote tukashukuru kwamba yameisha.

Kisha ukaja usiku wa harusi ya rafiki yake. Muziki mtaani, vichupa vya pombe kali vinapita mkono kwa mkono. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini pombe yenyewe haikwenda mbali, ilihamia tu kwenye vichupa vidogo vinavyoingia mfukoni. Baada ya pombe, mmoja akatoa vidonge vya usingizi, vya aina ile inayouzwa kimoja kimoja bila cheti cha daktari. Na usiku ulipokuwa umekwenda sana, kete moja ya unga. Moja tu, kiasi ambacho zamani alikuwa akikiita kidogo.

Wenzake walimwona anazima. Wakambeba kwa upole hadi chumbani, wakamlaza chali juu ya mkeka, wakamwekea mto, wakamwashia feni. Akawa anakoroma mkoromo mzito, wenye majimaji kooni. Mmoja akasema, "Mwacheni alale, kachoka huyo, kesho atakuwa sawa." Wakafunga mlango ili mwanga wa taa za sherehe usimsumbue. Haya alinisimulia mmoja wao baada ya arobaini, na alishindwa kumaliza. Mdogo wake wa kike ndiye aliyempelekea chai asubuhi.

Kilichotokea ndani ya mwili wake kinaelezeka, na mama yake ana haki ya kuelezwa. Kuna sehemu chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, inayotuamrisha kuvuta hewa hata tukiwa usingizini. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika bila kufikiria. Heroini, morfini, tramadoli na dawa nyingine za jamii hiyo huipunguzia sehemu hiyo kasi. Pombe nayo huipunguza, na vidonge vya usingizi kama valiamu vivyo hivyo. Huenda kila kimoja peke yake, kwa kiasi kile, angekivumilia. Vikikutana usiku mmoja, pumzi zinashuka hadi kumi, hadi sita, hadi mwili unasahau kabisa kuvuta hewa. Moyo husimama baadaye, kwa kukosa hewa.

Pombe ina hila moja zaidi. Iliyomo tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata baada ya mtu kuacha kunywa. Anayeonekana amelewa mwisho wa kulewa saa nane usiku anaweza kuwa amelewa zaidi saa tisa, akiwa amelala na hakuna anayemtazama. Akitapika akiwa chali, matapishi humwingia mapafuni. Na ule mkoromo ambao wenzake waliuchukua kuwa usingizi mzito ulikuwa sauti ya ulimi uliolegea na kuiziba nusu njia ya hewa. Ulikuwa mwito wa msaada, kwa yeyote anayeujua.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo la soba, maana hapo ndipo tunapowapoteza wengi. Mwili wa anayetumia unga kila siku huuzoea, ukadai zaidi na zaidi. Akiacha kwa wiki chache tu, mazoea hayo huondoka. Kichwani bado anakumbuka kiasi chake cha zamani, lakini mwili hauna tena uwezo wa kukibeba. Tafiti za nchi mbalimbali kuhusu watu waliotoka gerezani zimeonyesha kwamba wiki mbili za mwanzo uraiani ndizo za hatari kubwa kuliko zote kwao. Ni vivyo hivyo kwa anayetoka wodini, kwa anayetoka soba, kwa aliyepelekwa kijijini kwa bibi yake ili akae mbali na maskani ya unga.

Sisi hufanya nini katika wiki hizo? Tunampongeza, tunamtafutia pikipiki ya mkataba, tunamwacha. Mzazi unaweza kufanya zaidi ya hapo, na hilo linaanza kwa kusema: "Mwanangu, naomba usirudi huko. Lakini ikitokea umeteleza, jua kwamba kiasi chako cha zamani sasa kitakuua. Usichanganye na pombe, usiwe peke yako, na nipigie simu saa yoyote, sitakugombeza usiku huo." Najua maneno haya ni mazito kinywani mwa mzazi, yanasikika kama ruhusa. Mimi nayaona ni malezi. Mtoto aliyeteleza na akabaki hai anaweza kurudi soba mara ya pili na ya tatu, na wapo wengi walioacha kabisa baada ya kuteleza.

Siku moja, tukiwa tumekaa barazani, mama wa yule jirani yetu aliniuliza, "Kaka yangu, hivi mwanangu alituchoka?"

Nilimjibu hapana, na nilikuwa na sababu. Jioni ile ya harusi alikuwa amejaza pikipiki mafuta. Alikuwa amepatana na mzazi mmoja ampelekee watoto wake shuleni kuanzia Jumatatu. Kijana huyu alitaka kufurahi na wenzake, akaupima mwili wake kwa kipimo cha zamani. Ilikuwa ajali, na inastahili kuitwa hivyo mbele ya watu, ili mama aache kujitafutia kosa kila akikumbuka maneno waliyojibizana wiki ile. Wapo vijana wengine ambao kweli walikuwa wamekata tamaa ya kuishi. Hao nao hawahitaji hukumu yetu. Wanahitaji mtu wa kukaa nao na hospitali ya kuwapokea. Kenya imepiga hatua hapo: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakwenda kinyume cha Katiba.

Tunasema pia kwamba vifo hivi ni mipango ya Mungu. Nami naamini hivyo. Lakini mtoto akishikwa na malaria usiku tunambeba mbio hadi zahanati, na hakuna shehe wala padri anayetuambia tumekosa imani. Huyu aliyezima kwa pombe na unga anastahili mbio zile zile.

Basi yakikutokea, fanya hivi. Mwite jina kwa sauti. Mfinye bega, au msugue kifuani kwa vifundo vya ngumi, kwa nguvu ya kumwudhi. Mlevi wa kawaida atakusukuma na kukutukana, na matusi hayo ni habari njema. Asiyeitikia kabisa yuko hatarini. Tazama kifua, hesabu pumzi kwa dakika moja. Zikiwa chini ya kumi, au zinakuja kwa kuruka, au anakoroma kwa kugugumia kama anayezama, hiyo ni dharura. Angalia midomo na kucha: kwa watu weusi hazigeuki bluu waziwazi, huwa za kijivu kama zimepakwa jivu. Kwa aliyetumia unga, mboni ya jicho huwa imesinyaa kama kitundu cha sindano.

Kama anapumua, mgeuze alale ubavu, goti la juu limekunjwa ili asirudi chali, uso umeinamia chini kidogo ili matapishi yatoke nje. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu chake, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila baada ya sekunde tano, na usiache mpaka msaada ufike. Kumwagia maji hakusaidii. Maziwa, ndimu na maji ya chumvi ni hatari kubwa, maana mtu asiyejitambua hawezi kumeza, atavuta mapafuni. Makofi na kumtembeza uani akishikiliwa mabega ni kupoteza dakika alizobakiwa nazo.

Gari la wagonjwa si kila mtaa linalipata, tunajua. Chukua bajaji. Tafadhali usimweke katikati ya watu wawili kwenye bodaboda, kichwa kikining'inia kifuani, kwa sababu shingo iliyokunjwa huiziba ile njia ya hewa iliyobaki. Kwenye bajaji mlaze ubavu kwenye kiti cha nyuma, mmoja wenu apige magoti chini amshikilie kidevu. Mkifika, mwambieni daktari kila kitu alichotumia, pamoja na pombe, na saa mliyomwona anazima. Mkificha kwa aibu, daktari ataanza na sukari, malaria, kifafa, na muda utakuwa unakwenda.

Wauguzi na madaktari wetu, nanyi nawaomba. Kijana akiletwa na wenzake wenye kunuka pombe, msianze na swali la nani atalipa wala na neno teja. Kwa Wakenya jambo hili limo kwenye Katiba yao ya mwaka 2010, Ibara ya 43: hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sisi wa huku tulishike kama ada ya utu, hata pale hakuna anayetusimamia.

Ipo dawa inayoitwa naloksoni. Hukimbilia pale pale ubongoni zinapokaa heroini na tramadoli, ikaziondoa, na aliyekuwa hapumui akavuta hewa ndani ya dakika chache. Haina ulevi, na ukimpa mtu ambaye hakutumia dawa hizo haimdhuru. Haiondoi pombe wala valiamu, na nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, kwa hiyo hospitali ni lazima hata kama ameamka na anasema yuko sawa. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza naloksoni iwafikie watu wanaoweza kushuhudia tukio lenyewe: marafiki, wazazi, wafanyakazi wa jamii. Ombi langu kwa Wizara ya Afya ni kwamba isiishie kwenye makabati ya hospitali kubwa. Iwepo katika kila soba, na kwa waelimishaji rika wanaozunguka maskani. Hao ndio wanaofika kwanza.

Na tuseme ukweli kuhusu kinachowafanya vijana wafunge mlango badala ya kuita msaada. Ni woga wa kukamatwa. Ukimpeleka mwenzio hospitali na kete ilitoka mfukoni mwako, unaona lango la kituo cha polisi kabla ya lango la wodi. Jimbo la New Mexico, Marekani, lilitunga sheria mwaka 2007 ya kumkinga na mashtaka ya kumiliki dawa mtu anayeita msaada kwa ajili ya aliyezidisha, na majimbo mengi yakafuata. Waheshimiwa wabunge, hili mnaweza kulifanya bila kumsamehe mfanyabiashara wa unga hata mmoja. Kinga iwe kwa anayebeba mgonjwa, usiku ule, kwa kosa lile dogo. Polisi wa kata wanaweza hata kuanza kabla ya sheria, kwa kutowangoja vijana hawa mlangoni mwa hospitali.

Unga umekuwa katika pwani yetu tangu miaka ya 1980, ukiingia kwa njia ya bahari na kuacha sehemu yake Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Malindi kabla ya kwenda mbele. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamfetamini. Kazi hiyo naiheshimu. Lakini kilo tunazihesabu, vijana hatuwahesabu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2.6 duniani na dawa za kulevya watu 600,000, wengi wao wanaume. Jirani yetu, na wenzake tuliowazika kwa jina la presha, hawamo katika daftari lolote linaloweza kumsaidia mpangaji wa afya kujua ni mtaa gani upelekewe nini.

Ndiyo maana nawaomba wazazi jambo zito kuliko yote niliyoyaomba. Semeni alichokufa nacho. Si lazima kwenye kipaza sauti, na si siku ya kwanza. Lakini wakati wa hitma, au kwenye ibada ya shukrani, baba au mjomba mmoja asimame awaambie vijana waliohudhuria: ndugu yenu alichanganya pombe, vidonge na unga, akaachwa alale chali, akakosa hewa. Shehe na padri wamsaidie mzazi huyo kulisema, waoneshe kwamba marehemu bado ni wetu na dua ni zake. Nimeona mama mmoja akifanya hivyo, na vijana waliokuwa wameinamia simu wakainua macho.

Wale marafiki waliofunga mlango, tusiwafukuze. Najua hasira ya mfiwa, na najua rahisi yake ni kusema wao ndio waliomuua. Wanabeba usiku ule mpaka leo. Mmoja ameacha kunywa, mwingine anatumia zaidi ya zamani kwa sababu ya kile alichokisikia kwenye mkoromo ule bila kukielewa. Huyo wa pili ndiye aliye karibu na kaburi sasa. Kliniki za methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, zipo. Hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala, Temeke, Zanzibar na mikoa mingine, na Kenya wana zao Nairobi, Mombasa, Malindi na kwingineko. Methadoni hutolewa bure, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na imewarudisha wengi kazini na nyumbani. Nayo haitaki kuchanganywa na pombe wala vidonge vya usingizi. Mshike mkono umpeleke. Akikataa leo, muulize tena wiki ijayo.

Tarehe 31 Agosti kila mwaka ni siku ya dunia ya kuwakumbuka waliokufa kwa kuzidisha dawa. Ilianzia Melbourne, Australia, mwaka 2001. Serikali ya mtaa wako, msikiti wako au jumuiya yako inaweza kuitumia siku hiyo kumwita muuguzi mmoja aje kuwafundisha vijana, bodaboda na mama ntilie namna ya kumgeuza mtu ubavu na kumpulizia hewa. Mkeka mmoja na kivuli cha mwembe vinatosha kwa somo hilo.

Kwa Tanzania, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ni 119. Kwa Kenya, namba ya bure ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192. Ziandike kwenye simu yako kabla hujaiweka chini, kisha umtumie mwanao, na umtumie na yule rafiki yake usiyempenda, kwa sababu siku ya siku huenda yeye ndiye atakayekuwa chumbani.